Mtapo wa Bwana Afya

Mtaa mzima wa Bangwe, pale Kigoma, tulimwita Bwana Afya, na hata leo nikijaribu kumtaja kwa jina lake mdomo unakataa. Jina nalijua. Nililiona mara nyingi chini ya ilani zake, limeandikwa kwa herufi zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride. Lakini jina lile lilikuwa la ofisini. Mtu tuliyemjua sisi ni yule aliyeingia uani kwako saa moja asubuhi, akakusalimu vizuri, akawaulizia wazee na watoto, kisha akafunua mtungi wako wa maji na kuchungulia ndani bila kuomba ruhusa.

Watoto walimwita Bwana Choo, kwa sababu kila nyumba alianzia chooni. Alilijua jina hilo na halikumuudhi. Aliwahi kuniambia kwamba katika kazi yake, ukiona watu wamekupa jina zuri, ujue hufanyi kazi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Simbo, nimepanga chumba na sebule katika nyumba iliyopakana na yake. Kati yetu palikuwa na ua wa michongoma uliofika kifuani. Kwa miaka kumi na moja nilimwona juu ya ua huo kila alfajiri, amevaa kaptula ya kaki na fulana iliyotoboka, ndoo mkononi, akizunguka kati ya mitende yake kama mganga anayepita wodini.

Nyumba yake ilikuwa ya serikali, ndogo, ya bati, mteremkoni, ziwa linaonekana kati ya mapaa ya majirani. Haikuwa na lolote la kutazamwa. Watu walikuja kutazama uwanja. Kutoka langoni hadi mlangoni ilijipanga mitende ya mapambo, sita kila upande. Pembeni ilikuwapo mipopoo myembamba mirefu, mkindu mmoja uliojaa kichaka, na mti mmoja wa jamii hiyohiyo wenye shina lililovimba chini kama chupa, ambao maharusi walikuja kupigia picha. Na karibu na dirisha la chumba chake cha kulala, peke yake ndani ya duara la mawe, ulikuwapo mtapo.

Sisi watu wa Kigoma mtapo hatukuujua. Una shina fupi nene lenye magamba, mfano wa nanasi kubwa lililozikwa nusu, na majani marefu magumu yaliyojipanga duara, ncha zake zinachoma kama sindano. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Simbo, alisimama mbele yake akiutazama, kisha akaniuliza kwa Kiha kama ule ni mchikichi uliorogwa. Nilipomtafsiria Bwana Afya, alicheka hadi akakaa chini kwenye mawe. Halafu akamweleza mama, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha Tanga kilichonyooka, kwamba mtapo si mtende hata kidogo ingawa macho yanadanganyika. Ni mti wa ukoo mwingine, wa kale sana. Kuna dume na kuna jike. Wa kwake ulikuwa jike, na dume la karibu, kwa kadiri alivyojua, liko Tanga.

Mama akaniuliza, "Na jike lake yeye liko wapi?" Hilo sikulitafsiri.

Mkewe alikuwa amefariki kabla hajahamishiwa kwetu. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunang'oa magugu, kwa sauti ileile aliyoniambia nayo kwamba samadi mbichi huunguza mizizi. Mtapo ule mkewe ndiye aliyeupanda. Alipopata uhamisho, vitu vyake vyote vilikuja na behewa la mizigo isipokuwa debe moja lenye mtapo usiozidi goti. Debe hilo alilipakata tangu alipopanda treni Dodoma hadi mwisho wa reli. Mkaguzi wa tiketi alipomuuliza kama mti nao umelipiwa, alimjibu kuwa mtoto wa kupakatwa halipi.

Alikuwa mtu wa amri. Sijui kama nimepata kumsikia, katika ile miaka ya mwanzo, akimuuliza mtu swali ambalo jibu lake hakulijua. Alisema: chemsha. Funika. Chimba. Fukia. Mama mmoja muuza chakula karibu na mwalo wa wavuvi alifungiwa kibanda mara tatu katika mwaka mmoja kwa sababu ya nzi. Kila alipofunguliwa, mteja wa kwanza kufika alikuwa Bwana Afya mwenyewe, amekaa kwenye benchi katikati, mbele ya watu wote, anakula ugali na samaki wetu wa migebuka polepole, ili kila mtu aone kwamba pale sasa panalika. Mama yule alimchukia na alimpenda, na alisema yote mawili wazi.

Huyo huyo mama ndiye aliyemfuata siku moja nyumbani. Alisimama langoni, mikono kiunoni, akauliza inakuwaje mtu anayewaandikia wenzake faini kwa uchafu wa uwanja, kwake makuti makavu yamelala chini ya kila mti kama jaa. Watu walikusanyika. Bwana Afya hakumfukuza. Aliinama, akafunua makuti kwa mkono, akamwita aje ashike udongo wa chini. Ulikuwa na unyevu ingawa mvua ilikuwa imekatika miezi miwili. Alimweleza kwamba mtende hula makuti yake wenyewe, na kwamba kuyafagia ni kumnyang'anya mtu sahani. Yule mama aliushika udongo, akaunusa, akasema ni kweli, lakini na nyoka naye ni kweli. Tangu siku hiyo Bwana Afya aliyasogeza makuti hatua tano kutoka njiani. Nilimwona akipima.

Kwa miti alikuwa mpole namna ambayo hakuwa kwa watu. Alinifundisha kwa kunionyesha makosa yangu. Nilipomletea kitende changu cha kwenye sufuria kilichonyauka, nikilalamika kwamba nakimwagilia asubuhi na jioni, alikipindua, akakichomoa, akanisogezea mizizi puani. "Hebu nusa, Mwalimu." Ilinuka kama maji ya chombo kilichosahauliwa. Akaniambia maneno aliyoyarudia kwa kila aliyemwendea: maji ya kunywa yachemke, maji ya mti yapite. Mti wa namna hii hufa kwa kupendwa kuliko kwa kusahauliwa. Utoboe chombo, utie kokoto, uchanganye mchanga wa ziwani uliooshwa, na usilifukie shina, maana shina si mzizi.

Jambo moja alilikazia kuliko yote. Mwembe ukiukata tawi hutoa tawi jingine. Mtende una moyo mmoja, juu kabisa, mahali jani jipya linapochomoza likiwa bado limekunjwa kama mwavuli. Ukiguswa huo, mti wote umekwisha hata kama utasimama mwaka mzima ukiwa kijani. Kwa hiyo hakuruhusu mtu akate kuti bichi. Alikuwa na waya mrefu uliopindwa ncha, na Jumapili alipanda ngazi, akachokonoa mashimo ya chonga, yule dudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo, akawatoa mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kopo la mafuta ya taa. Ndiyo ibada yake ya Jumapili, ingawa alikuwa Mwislamu na Ijumaa hakuikosa.

Kisha vita vya ng'ambo vikaja, na ziwa likaanza kutuletea watu.

Tulikuwa tumezoea wakimbizi. Warundi walikuja tangu mimi mdogo, na pale Simbo tulikuwa na jamaa ambao hatukujua tena kama ni wakimbizi au ni ndugu. Lakini mwaka ule Wakongo walivuka kwa maelfu, kwa boti na kwa mitumbwi, na kabla hawajapelekwa kambini wengine waliwekwa kwenye viwanja vya shule, yetu ikiwamo. Masomo yalisimama. Mvua zilikuwa zimeanza. Turubai hazikutosha.

Bwana Afya alifanya kazi siku zile kwa namna ambayo bado naiona. Alichimbisha vyoo, alisimamia mapipa ya maji, alitia dawa, alipaza sauti hadi ikamkauka. Aliondoka gizani akarudi gizani. Na siku moja, akiwa huko shuleni kwetu anasimamia mistari ya maji, watu waliingia uwanjani kwake na kukata makuti ya kuezekea.

Mimi ndiye niliyeona nilipotoka sokoni. Mitende kumi na miwili ya mbele ilikuwa imenyolewa. Nikamfuata shuleni, nikamwambia, tukarudi pamoja. Alisimama langoni. Nilitegemea apige kelele. Badala yake alianza kuupitia mti mmoja mmoja, ameinua kichwa, anahesabu kwa midomo. Upande wa kushoto moyo ulikuwa umekatwa katika miti minne. Upande wa kulia hakuna hata mmoja uliouawa. Kila mti ulikuwa umeachiwa makuti matatu ya juu na moyo wake mzima, na makovu yalikuwa safi, yamekatwa kwa kushuka ili maji ya mvua yateleze.

"Turudi shuleni," aliniambia.

Alipofika uwanja wa shule aliuliza kwa sauti, mbele ya vibanda vilivyoezekwa makuti yake, ni nani aliyekata upande wa kulia. Watu walirudi nyuma. Walidhani amekuja na polisi. Kisha mwanamke mmoja mwembamba, mtoto wa kike kama wa miaka mitano ameshika sketi yake, akasimama.

"Ni miye, papa," alisema. "Sikuua. Niliacha moyo."

"Nimeona," alisema Bwana Afya. "Nani amekufundisha?"

Alitoka upande wa Fizi kule Kongo, akaeleza, kwenye vijiji ambako watu wanaishi kwa ngazi, na ngazi ndilo jina lao la mchikichi. Baba yake alikuwa mkwezi. Mumewe hakujua alipo tangu usiku walipokimbia. Mtoto aliitwa Furaha. Bwana Afya alisikiliza yote hayo amesimama, halafu akanigeukia na kuniuliza, kwa aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake, kama ningeona vibaya yeye kuwapa wale wawili jiko lake la nje, lenye bati na mlango.

Jioni alikuja kwangu rasmi. Alipiga hodi, akakataa kukaa. Akasema yeye ni mwanamume asiye na mke, na mji una macho. Aliniomba niwe naingia na kutoka kwake saa yoyote, bila hodi, kwa mlango wowote, ili pasiwe na saa ambayo mtu anaweza kusema hapakuwa na shahidi. Nilikubali. Ndivyo nilivyopata kuwa mtu wa nyumba ile, na ndiyo sababu niliyaona yaliyofuata.

Mama Furaha hakuwa mtu wa kukaa. Siku ya tatu alikwisha kumsahihisha. Bwana Afya hakupanda michikichi uwanjani kwake. Aliiona ni miti ya shamba, ya kazi, haina adabu ya kukaa mbele ya nyumba. Tena alikuwa ameshajaribu kuotesha chikichi huko nyuma, mbegu zikalala mwaka mzima bila kuota, akaudharau mti. Mama Furaha alicheka. Akaokota chikichi sokoni, akazisafisha, akazifunga kwenye gunia lenye unyevu na kuliweka nyuma ya mafiga, mahali joto la moto linapofika bila kuunguza. Alisema zile mbegu zinataka kudhani ni kiangazi kikali. Bwana Afya alilitazama gunia kila asubuhi kwa dharau ya mtaalamu.

Lakini kabla mbegu hazijaota lilitokea jambo jingine.

Mtapo ulikuwa umezaa. Jike la mtapo huzaa kitu kama nanasi kubwa katikati ya majani, na kikikomaa kinapasuka chenyewe na kumwaga mbegu zenye ganda jekundu linalong'aa. Hata bila dume mbegu hunenepa, ila haziwezi kuota. Bwana Afya alikuwa anajua, kwa kuwa kwao Tanga kila mtu anajua, kwamba mbegu zile zina sumu. Wakati wa njaa wazee waliwahi kuzila baada ya kuziloweka na kuzianika siku nyingi. Bila hivyo zinaua. Kila mwaka aliziokota mapema na kuzifukia. Mwaka ule alikuwa anashinda kwenye vyoo vya wakimbizi, akasahau.

Furaha alikuwa anakula pale nyumbani, na Bwana Afya alihakikisha anashiba. Lakini mtoto aliyewahi kukaa na njaa huokota hata akiwa ameshiba. Sisi walimu tuliliona hilo darasani kwa miaka mingi baadaye. Aliziokota mbegu, akazipasua kwa jiwe, akachoma kiini kwenye makaa kama karanga. Nilimkuta mchana amekaa ukutani, anatapika, na alipojaribu kusimama miguu ilimpinda.

Nilipoona maganda mekundu nilikimbia shuleni. Bwana Afya hakuniuliza swali. Alikuja na pikipiki ya ofisi kwa mwendo ambao yeye mwenyewe angemkamatia mtu. Tulimweka Furaha kati yetu, mgongo wake kifuani kwangu, na tukapanda kilima kuelekea hospitali, Mama Furaha akitufuata kwa miguu, kanga imemvuka. Njia nzima Bwana Afya alisema neno moja, "Mshike. Mshike." Kwa mganga alijieleza kama anayetoa ushahidi. Alitaja mti, alitaja kiasi, alikadiria saa. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali, na sikuwahi kumwona amekaa vile, kama mzigo uliowekwa na mtu mwingine.

Siku mbili mtoto alikuwa na dripu. Siku ya tatu aliomba uji.

Asubuhi waliporudi nyumbani, mimi nikiwa nimewatangulia kupasha maji, nilimkuta Bwana Afya amesimama mbele ya mtapo, shoka mkononi, shati la kazi limevuliwa. Mawe ya duara alikuwa ameyatawanya tayari. Nilijua ule mti ni wa nani. Mama Furaha aliingia langoni amembeba mtoto, akaona, akamweka mtoto chini, akaenda akasimama kati ya mtu na mti.

"Papa," alisema, "mutoto alikula juu ya njaa. Hapana juu ya muti."

Bwana Afya alisema kwamba hata kama wa kulaumiwa ni njaa wala si mti, nyumba ya mtu wa afya haiwezi kuwa na sumu uwanjani.

"Ukikata huu, kesho atakula ingine. Umufundishe."

Walisimama hivyo. Furaha, bado miguu haina nguvu, alikaa chini na kuanza kuyarudisha mawe kwenye duara, kwa kuwa alidhani ndiyo kazi inayofanyika. Bwana Afya alimtazama. Halafu akaliegemeza shoka ukutani, akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha ilani.

Aliandika kwenye meza ya jikoni na akanisomea. Mkaazi wa nyumba ile aliarifiwa kwamba uwanjani kwake pana kitu cha hatari kwa jamii, na kwamba kwa uzembe wake mtoto amedhurika. Aliamriwa kukiondoa mahali kinapofikiwa na watoto, kukizungushia uzio, na kuondoa mazao yake kila mwaka kabla hayajakomaa. Watu wengine aliwapa siku saba. Yeye alijipa tatu. Alitia saini mara mbili, mahali pa mtoa ilani na mahali pa mpokeaji, akabandika nakala mlangoni kwake, ikakaa pale hadi jua likaifuta.

Tuliuhamisha mtapo siku ya pili, yeye, mimi, Mama Furaha na wenzake wawili wa ofisini. Alichimba kwa mbali, kwa mikono mwishoni, akasugua majeraha ya mizizi kwa jivu. Tukaupeleka nyuma ya nyumba, juu ya tuta la mchanga na kokoto, ndani ya uzio wa mianzi wenye kufuli. Baada ya wiki tatu majani yote yakakauka. Likabaki gogo lenye magamba.

Yeye mwenyewe pia alibadilika, ingawa polepole na kwa kujikwaa. Wiki ileile alinifuata, akaniambia anataka kukutana na akina mama wa pale shuleni, lakini safari hii hataki kuwaambia, anataka kuwauliza. Aliwauliza mimea gani wanaila kwao, wanaitambuaje, wanaiitaje. Walichora kwenye ubao wangu. Kukawa na mimea yetu mitano ya pwani ya ziwa ambayo kwao ina pacha anayelika, ilhali ya kwetu ina sumu. Hakuna karatasi ya ofisi iliyokuwa na jambo hilo. Bwana Afya aliandika hadi kalamu ikaisha wino, na kila baada ya sentensi mbili amri ilimponyoka, akajishika, akaigeuza kuwa swali. Akina mama walikuwa wanacheka kwa heshima.

Mbegu za nyuma ya mafiga ziliota. Mama Furaha alilifungua gunia na kumwonyesha vichipukizi vyeupe kama meno ya mtoto. Bwana Afya akavua kofia. Walizipanda kwenye makopo, miche arobaini na kitu, na kwa miezi michache walipata furaha ya kubishana kila siku, yeye akitaka kivuli zaidi, Mama Furaha akitaka jua zaidi. Mitende minne ya mbele iliyokatwa moyo ilikufa, kama alivyosema. Mama Furaha ndiye aliyesema michikichi ishike nafasi zao. Alikubali. Maharusi wakaendelea kuja kupiga picha.

Kisha malori yakaja kuwachukua watu wa shule yetu kwenda kambini, njia ya Kasulu. Asubuhi ile Bwana Afya alikuwa Kidahwe kikazi, na mimi nikadhani amefanya makusudi asiwepo. Malori yalipofika Kidahwe, Mama Furaha alinisimulia baadaye, walimkuta amesimama kando ya barabara na ndoo mbili za maji yaliyochemshwa na kikombe, akiwanywesha watu wa lori moja baada ya jingine, hadi alipofikia lao. Alimpa Furaha kikombe, akamwambia anywe chote. Hakuna aliyeagana na mwenzake.

Mtapo ulikaa gogo masika yote, kiangazi chote, na masika mengine. Majirani walimshauri autoe. Mimi mwenyewe nilimshauri. Alisema mtapo ukihamishwa hulala, na aliyelala hazikwi. Kila asubuhi aliufungulia kufuli, akaushika kichwani kwa kiganja, akafunga. Halafu wiki moja ya mvua za vuli ulitoa majani yote kwa pamoja, zaidi ya ishirini, laini kama manyoya ya kifaranga, ya kijani ambacho sijui kukiita. Aliniita nije. Aliniomba karatasi ya daftari, akaandika barua ya kwenda kambini, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetafuta mtu wa kuipeleka, niliisoma. Ilikuwa na maneno sita: "Mti umeamka. Mwambie Furaha asiuguse tena."

Alipostaafu, wanawe walimwandikia arudi Tanga. Alikwenda, akakaa mwezi mmoja, akarudi. Alisema kule kila mtu anajua mitende, hakuna wa kumuuliza lolote. Alinunua kiwanja kwetu Simbo, karibu na mama yangu, akapanda michikichi iliyotokana na miche ya Mama Furaha, na nyuma ya nyumba, ndani ya uzio, mtapo uleule. Mama Furaha na bintiye walikaa kambini miaka mingi. Kisha kukatulia ng'ambo, meli zikaanza kuwarudisha watu kwao, na wao wakarudi. Mumewe hakuonekana tena.

Mara ya mwisho kukaa na Bwana Afya kwa siku nzima ilikuwa alipokuja kwangu bila taarifa, amevaa kanzu na koti, na begi dogo. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu tayari, na magoti yalikuwa yameanza kunisumbua. Alisema amepata ujumbe kwa simu. Furaha anaolewa. Ndugu wa bwana harusi wanakuja rasmi, na upande wa bibi harusi hakuna mwanamume wa kukaa mahali pa baba. Mama Furaha alikuwa amewaambia wakwe kwamba baba yuko ng'ambo ya ziwa, wasubiri, anakuja.

"Mwalimu," aliniuliza, "kwao baba anasema nini siku hiyo?"

Nilimwambia sijui. Akasema basi atauliza akifika.

Kesho yake alfajiri nilimsindikiza bandarini. Kulikuwa na meza ya afya, na nyuma yake binti mdogo wa koti jeupe, ambaye hakumjua. Aliitazama kadi yake ya chanjo mbele na nyuma, akamuuliza kama amebeba maji ya kunywa na kama yamechemshwa. Bwana Afya alijibu, "Ndiyo, mama," akafungua chupa ili aione. Binti akachungulia. Akamgongea mhuri.

Boti ilikuwa imejaa magunia, magodoro na watu. Alipata nafasi ukingoni, karibu na mama mmoja kijana aliyekuwa na mizigo mingi kuliko mikono yake. Mimi nilisimama juu ya gati, nimeandaa maneno ya kumwambia, maana sikuwa na hakika kama tutaonana tena. Lakini yule mama alikumbuka mfuko wake mmoja uko nchi kavu. Hakuuliza, alimtazama mzee aliyekuwa karibu, akamwekea mtoto wake mchanga mikononi, akaruka kwenda kuuchukua. Aliporudi alipitia nyuma, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa imeshazibwa, na kamba ikafunguliwa, na mashine ikaunguruma, na boti ikaanza kuondoka, yule mama akiwa bado anajipenyeza katikati ya watu kumfikia mwanawe.

Nilimpungia. Bwana Afya aliniona, lakini hakuwa na mkono wa kunipungia. Aliinua kidevu kunielekea, mara moja. Kisha jua likachomoza juu ya paa la ghala, likampiga mtoto usoni, na mzee akageuza mgongo upande wangu ili amkinge.